Karatasi Isiyovumilia Moto

Ukipita Mogogosiek na una karatasi mkononi, ifiche. Eliakim Oketch akiiona atataka kuivisha plastiki. Mzee huyu amelamineti vitambulisho, vyeti vya ubatizo, vyeti vya shule, ratiba ya kwaya, na hata menyu ya hoteli ya jirani, ambayo ina vyakula vitano na vitatu kati ya hivyo havijawahi kupikwa. Kibao cha duka lake kinasema anachapisha, anatoa nakala na analamineti, lakini kila mtu hapa anajua kwamba hayo mawili ya kwanza huyafanya ili afike kwenye la tatu.

Na kazi anaiweza, tusimnyime haki yake. Huku kwetu kwenye milima ya chai mvua hunyesha kila alasiri bila kuomba ruhusa, na ukungu wa asubuhi huingia hadi kabatini. Karatasi iliyotoka kwenye printa ukiitia plastiki hapo hapo, unafungia unyevu ndani, na baada ya wiki mbili sura ya mtu inaanza kuota ukungu kutoka upande ambao huwezi kuufuta. Eliakim hakubali. Kila karatasi huilaza kwanza juu ya mashine yake yenye joto mpaka ikauke ilie kama jani kavu. Halafu akikata, huacha ukingo wa plastiki wa upana wa kidole pande zote nne. Wapo wateja wanaotaka ikatwe hadi kwenye karatasi yenyewe, ipendeze. Hao huhubiriwa.

"Ukikata hadi hapo, maji itaingia kwa pembe. Halafu utarudi hapa kunilaumu. Mimi sitaki kulaumiwa na mtu nilimwonya."

Kazi yake iliyomjengea jina ni picha za magari ya maiti. Sisi tuliokuja huku kufuata chai, wa kutoka ziwani na wa kutoka Kisii, hatuziki watu wetu hapa. Mtu akifa, husafirishwa kwao, na picha yake hubandikwa mbele ya gari, ikitangulia na utepe mwekundu. Picha hiyo hupigwa na mvua kutoka hapa mpaka huko chini kwenye joto. Wapo waliozikwa picha zao zikiwa zimechuruzika wino mpaka jamaa wakashindwa kujua anayeliliwa ni nani. Picha ya Eliakim haijawahi kuchuruzika hata moja. Ya mkewe Jerusa ilifika kwao Nyakach ikiwa safi kama ilivyotoka dukani, na watu waliisifu makaburini, sifa ambayo hakuitaka.

Basi huyo ndiye fundi. Lakini mganga hajigangi. Kulikuwa na karatasi moja tu duniani ambayo Eliakim aliililia kuikinga, na hiyo ndiyo iliyomshinda.

Ilikuwa risiti ya mizani, ukubwa wa vidole viwili. Mchumaji akipeleka majani kupimwa, kadi yake huguswa kwenye mashine, na mashine hutema kikaratasi chenye jina, namba, tarehe, saa na kilo. Wengi huzitupa papo hapo. Ukitembea kando ya mashamba utazikanyaga. Hii ilikuwa ya Jerusa, ya siku aliyokufa. Hospitali ilimrudishia Eliakim simu, kadi, kitambaa cha kichwa na aproni, na ndani ya mfuko wa aproni ndimo ilimokuwa. Kilo ishirini na saba na nusu. Saa saba na dakika kumi na nne mchana.

Karatasi hizo hazina wino. Huandikwa kwa joto, na joto hilo hilo ndilo adui yao. Ukiipitisha kwenye mashine ya kulamineti, inatoka nyeusi tititi kama sufuria ya mkaa. Eliakim alilijua hilo tangu mwanzo, maana mteja mmoja alikuwa amemlilia dukani kwa risiti ya namna hiyo. Kwa hiyo ya Jerusa hakuigusa. Aliokota risiti za watu wengine barabarani akazifanyia majaribio. Moja aliibandika utepe wa gundi: baada ya mwezi maandishi yalikuwa yamenywewa yote. Nyingine aliipaka rangi ya kucha iliyo wazi kama maji: ikafanya doa kubwa. Nyingine akaipeleka kwa mchora vibao, ikapuliziwa vanishi ya kopo: herufi zikayeyuka mbele ya macho yake. Kila kinga aliyoijua ilikuwa sumu kwa karatasi ile.

Na kuiacha bila kinga ilikuwa ni kuiua polepole, kwa maana risiti hizo hufifia zenyewe, na mwanga huziharakisha. Aliitia kwenye kopo la kahawa, akalifunga. Kila Jumapili baada ya kanisa alilifungua akaitazama kidogo, akijua kwamba kuitazama kwenyewe kunaimaliza. Mwaka wa kwanza jina lilikwenda. Wa pili, namba na tarehe. Sasa ni wa tatu, na zilizobaki ni saa na kilo, za kijivu, kama zimeandikwa kwa pumzi.

Utauliza kwa nini asitoe nakala. Alitoa, kumi na mbili, na zote amezivisha plastiki. Lakini nakala haikuwahi kushikwa na Jerusa. Hii aliishika. Ilikuwa kitu cha mwisho kushikwa na mkono wake, na kwa mtu ambaye kaburi la mkewe liko mbali, hilo si jambo dogo. Ndugu zake walimtaka akae nyumbani baada ya mazishi, wakamwonyesha na mahali pa kuweka mashine yake sokoni. Alikaa siku tisa akarudi Mogogosiek. Tangu hapo hajashuka tena. Alisema wateja wanamngoja, na wao wakamwacha, kwa kuwa mtu mzima ukimfukuzia sana anakimbia.

Ukweli ni kwamba aliogopa kaburi. Na sasa nikueleze kwa nini, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumweleza mtu.

Siku ile, saa saba kasoro dakika kumi, Jerusa alimpigia simu kutoka shambani. Eliakim alikuwa na foleni ya wanafunzi na vyeti vyao, mashine imewaka, jasho linamtoka. Jerusa akasema anasikia kizunguzungu. Naye akamwambia, "Pima kwanza, ndiyo uende nyumbani. Usiache majani ikauke bure." Jerusa akasema haya, akakata.

Ni hivyo tu. Hakumtukana, hakumfokea. Lakini tangu alipoikuta ile risiti alifanya hesabu, na hesabu haikumwacha. Kutoka simu mpaka mizani ni dakika ishirini na nne. Dakika ishirini na nne mwanamke mwenye presha alisimama foleni juani, gunia mgongoni, kwa kuwa mumewe alimwambia apime. Saa nane kasorobo alianguka akielekea nyumbani, hakuinuka. Kule Nyakach mchungaji alisema Jerusa ameitwa akiwa kazini kama askari mwaminifu, na Eliakim aliitikia amina huku akijua ni nani aliyemtuma vitani.

Kwa hiyo risiti ile aliipenda na ilimhukumu, yote mawili. Ikifutika, angebaki na nini? Asingekuwa na mkono wake wala adhabu yake. Alikuwa na chumba cha kupanga, kitanda cha watu wawili, na redio ambayo aliiwasha si kwa kusikiliza bali ili kuwe na mtu mwingine anayeongea.

Mwaka huu bintiye Jentrix, anayefanya kazi Nairobi, alimpata mtu wa kutunza nyaraka za zamani, na huyo mtu akamwambia kuna mfuko wa plastiki usio na gundi, usio na dawa, usiohitaji moto. Unaitia karatasi, unaufunga, unaiweka gizani, basi. Jentrix alidhani babake anautaka kwa cheti cha ndoa. Akautuma kwa gari la mizigo, na Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, ukafika.

Eliakim alinawa mikono mara mbili. Alikuwa ametandaza kitambaa cheupe mezani na kopo liko mbele yake, bado halijafunguliwa, aliposikia mtu mlangoni.

"Chamge, Baba Jentrix."

"Chamge mising. Karibu, karibu."

Alikuwa Chepchirchir, Mkipsigis wa Sigor, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alichuma chai na Jerusa mstari mmoja kwa miaka mingi. Walikuwa wakibebeana chakula na kusengenya wanyapara pamoja. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga dukani. Eliakim aliliona hilo, akadhani ni aibu ya watu kwa mfiwa.

"Nimekuja unilaminetie hii," akasema, akatoa barua kutoka kwenye mfuko wa karatasi. "Ni ya kampuni. Wametuacha, wengi. Hizo mashine za kuchuma zimefika mpaka kwa section yetu."

Eliakim aliisoma. Ilimshukuru Chepchirchir kwa miaka ishirini na miwili, ikamtakia mema. Mistari minne, miwili yake ya anwani.

"Sasa utaenda wapi?"

"Nyumbani, Sigor. Vitu iko kwa gari tayari, wananingojea kwa steji. Nilisema siwezi enda bila kukuona."

Barua ilikuwa na unyevu. Eliakim akailaza juu ya mashine, akamwonyesha kiti, akamwambia itachukua dakika kumi, maana yeye hafanyi kazi ya haraka. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunawa mikono na kwa kuwa mgeni alikuwa rafiki ya Jerusa, akafungua kopo. Akaitoa risiti kwa ncha za kucha, akaisukuma taratibu ndani ya ule mfuko mpya. Ikaingia. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Chepchirchir alikuwa ameinama kutazama.

"Hiyo ni ya mizani?"

"Ya mama Jentrix. Ya siku ile. Ndiyo kitu ya mwisho alishika."

Chepchirchir aliitazama barua yake juu ya mashine, kisha mlango, kisha mikono yake mwenyewe, mikono ya mchumaji, iliyoingia weusi usiotoka kwa sabuni.

"Baba Jentrix," akasema, "mimi sasa si mtu wa kampuni tena. Hawawezi nifuta mara mbili. Wacha nikuambie kitu, halafu kama ni kukasirika ukasirike."

"Sema."

"Hiyo karatasi Jerusa hakushika. Nilishika mimi."

Eliakim alifikiri hakusikia vizuri.

"Alisimama kwa laini," akasema. "Nilimwambia apime. Alisimama dakika ishirini na nne."

"Laini gani? Jerusa hakusimama laini yoyote. Alikaa chini ya ile mkaratusi imepinda, pale juu ya mto. Alikuwa amekaa hata kabla akupigie simu. Alikupigia akiwa amekaa, amevua gambuti, amenyoosha miguu. Mimi ndiye nilibeba gunia yake na yangu, nikapima ya kwake na kadi yake. Hiyo ilikuwa makosa, unajua. Ukishikwa umepimia mtu mwingine na kadi yake, nyote mnaenda. Ndiyo sababu sikusema. Nilikuwa na watoto shuleni. Nilikuwa naogopa hata kupita hapa, usiniulize."

Mashine ililia mlio wake mdogo wa kusema iko tayari. Hakuna aliyeigeukia.

"Alisema nini?" Eliakim akauliza. "Nilipomwambia apime. Alisema nini?"

Chepchirchir akacheka kidogo, kisha akajizuia kwa kiganja.

"Alicheka. Alisema, mzee wangu anataka nipime. Enda unipimie, ulete karatasi aone. Huyo mtu bila karatasi haamini hata jua imetoka. Basi nikaenda. Nikirudi alikuwa amefunga macho, nikamwekea hiyo kwa mfuko ya aproni. Nikamwambia twende dispensari. Akasema ni njaa tu, atakula nyumbani. Nilimwambia mara mbili, Baba Jentrix. Mungu anajua nilimwambia mara mbili."

Sasa wewe utadhani Eliakim alifurahi. Nami ningependa kukuambia hivyo, lakini sisemi uongo kwa ajili ya kukupendeza. Kweli, kitu kilimtoka kifuani, kitu kizito alichokuwa amekibeba miaka mitatu, na kwa dakika moja alihisi wepesi mpaka akashika ukingo wa meza. Jerusa hakusimama. Hakumtii, alimcheka, akakaa kivulini na miguu wazi kama mtu mwenye akili timamu. Lakini nyuma ya wepesi huo kulikuwa na baridi. Ile hatia ilikuwa mwenzake. Ililala naye, ikaamka naye, ikaenda naye kanisani. Na ile karatasi aliyoinyima jua, aliyoiona Jumapili tu kama mtu anayemtembelea mgonjwa, alikuwa ameitunzia mkono wa mwanamke mwingine. Miaka mitatu alikuwa ameshikana mikono na Chepchirchir bila hata mwenyewe kujua.

"Nimekosea kukuambia?" Chepchirchir akauliza.

"Hapana," akasema. "Hapana, mama. Asante."

Akainuka akaifanya ile barua. Aliifanya sawasawa: akaigusa kuona kama imekauka, akaiweka katikati, akaipitisha, akaipokea upande wa pili kwa viganja viwili ili isijikunje, akakata na kuacha ukingo wa kidole. Mikono yake ilijua kazi, haikumhitaji. Akampa.

"Kaa kidogo," akasema. "Nikuitishie chai. Uniambie mambo mengine yake. Yoyote."

"Gari iko na vitu za watu watatu, watanitukana." Chepchirchir alisimama akiikumbatia barua yake. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Alikuwa anapenda kukuchekelea, lakini hakuwahi kukusema vibaya. Wengine hapo kwa mstari walikuwa wanasema mabwana zao kila siku. Yeye hapana."

Akamshika mkono kwa mikono miwili, akatoka, na Eliakim akamtazama akishuka kuelekea steji mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea nyuma ya kibanda cha viazi. Ndipo alipotambua kwamba mtu wa mwisho huku mlimani aliyemjua Jerusa kwa kicheko chake alikuwa amekwenda, na kwamba miaka hii mitatu yote alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Alifunga duka. Saa sita mchana, siku ya kazi, kitu ambacho majirani hawakuwahi kukiona. Mwenye hoteli alitoka akauliza kama kuna msiba. Eliakim akamwambia hapana, ule ni wa zamani. Risiti aliiacha mezani ndani ya mfuko wake, na dirisha wazi.

Akapanda njia ya mashamba. Mvuke wa kiwanda ulikuwa umelala juu ya mabati, na kutoka ng'ambo ya mto zilisikika mashine za kuchuma zikinguruma, watu wawili wawili wakizibeba juu ya chai na mfuko mkubwa ukiburutwa nyuma. Mahali ambapo zamani ungesikia wanawake arobaini wakiongea kwa wakati mmoja, hapakuwa na sauti ya mtu. Aliupata mkaratusi. Kweli ulikuwa umepinda. Kabla ya kufungua duka alikuwa amefanya kazi kiwandani hapo miaka ishirini na sita, na hakuwahi kufika hapa hata siku moja kuona mkewe anashinda wapi. Akakaa chini, akavua viatu, akanyoosha miguu.

Alikaa muda mrefu. Alilia pia, na aliacha machozi yateremke, maana hapakuwa na mtu wa kumfichia.

Nyapara mmoja alipita kwenye njia ya juu, mtu mgeni mwenye koti la mvua la kampuni, akamwona, akateremka. Hairuhusiwi mtu wa nje kukaa ndani ya shamba. Hiyo ni sheria, na nyapara alikuwa amekuja kuisema. Lakini alipokaribia akaona ni mzee, tena miguu wazi kwenye baridi ile.

"Shikamoo, mzee. Unangoja mtu hapa?"

Eliakim akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Bibi yangu," akasema. "Amesikia kizunguzungu. Nimemwambia akae tu, apumzike, hiyo chai iachwe."

Nyapara akatazama huku na huku. Chai ilikuwa kijani mpaka mtoni na hapakuwa na mtu. Akatazama viatu vya mzee, jozi moja, vimepangwa vizuri kando ya mzizi.

"Sawa, mzee," akasema polepole. "Apumzike. Lakini msikae sana, mvua inakuja."